Gorogoro Ni Kilo Ngapi?

Kompyuta ilimwambia Phelista Nabwile kwamba amekosa, naye akaitazama jinsi mtu anavyomtazama shemeji aliyelewa: akaiacha imalize.

Zoezi la kumi lilikuwa jekundu. Yale tisa yaliyotangulia yalikuwa ya kijani, yamejipanga vizuri. Ilikuwa Jumatano, na kufikia Ijumaa saa kumi jioni kila mwanafunzi wa darasa lile la Kitale, lililokuwa ghorofani juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, alitakiwa awe na kijani kumi. Ukipata kumi, unaingia muhula wa pili. Ukipata tisa, unarudi kwenu. Hiyo ndiyo sheria ya wafadhili walioleta kompyuta, na sheria ya mfadhili haibembelezwi.

Usidhani Nabwile alikuwa mvivu. Miezi mitatu nyuma hakujua fanksheni ni mdudu gani. Siku ya kwanza Mwalimu Kipkirui aliwaeleza kwamba fanksheni ni kama posho mill: unamwaga kitu juu, inasaga, inakutolea kitu chini. Unaipa jina, unaiambia itapokea nini na irudishe nini, na tangu hapo ukiiita kwa jina lake inafanya kazi ile ile bila kunung'unika. Nabwile aliipenda habari hiyo papo hapo. Alifanya mazoezi kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka, akiwa kwenye foleni ya maji na akisubiri ugali uive. Aliandika fanksheni ya kujumlisha namba mbili. Akaandika ya kusalimia, ambayo ukiipa jina la mtu inamwambia "Niaje". Akaandika ya chai: unaipa maji na maziwa, inakuambia vikombe vitatoka vingapi. Wiki nzima alikuwa akisahau neno return, lile la kurudisha jibu, kwa hiyo fanksheni zake zilifanya kazi yote kisha zikarudi mikono mitupu, kama mtu aliyetumwa dukani akapitia kwa rafiki. Alikosea, akajicheka, akarudia. Kujikwaa si kuanguka.

Sasa zoezi la kumi lilisema hivi: andika fanksheni iitwayo kilo, ipokee idadi ya gorogoro za mahindi, ile mikebe ya kupimia nafaka sokoni, irudishe uzito wake kwa kilo. Darasa zima liliandika: chukua gorogoro, zidisha kwa mbili, rudisha. Nabwile peke yake aliandika hivi:

function kilo(gorogoro, uzito) {
  return gorogoro * uzito;
}

Yaani fanksheni yake ilitaka kuambiwa vitu viwili: gorogoro ni ngapi, na mkebe wenyewe ukijaa unabeba kilo ngapi. Programu ya kusahihisha iliipa kitu kimoja tu. Iliita kilo(5) na kungojea kumi. Kwa kuwa hakuna aliyetaja uzito wa mkebe, fanksheni ya Nabwile ilijibu NaN, ambayo ndiyo namna ya JavaScript, lugha ya kompyuta waliyofundishwa, ya kusema: hii si namba, msinisingizie.

"Weka mbili hapo, Phelista," alisema Mwalimu Kipkirui akiwa amesimama nyuma ya kiti chake. Alikuwa mtu wa Cheptais, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za matope.

"Mbili ya nani, Mwalimu?"

"Ati ya nani? Gorogoro ni kilo mbili. Hata mtoto wa nasari anajua."

"Mtoto wa nasari hajawahi kununua mahindi Bungoma."

Darasa likacheka. Chelangat, rafiki yake aliyekaa kiti cha pili, akamvuta mkono wa sweta. "Si uweke tu mbili bana? Ni kidole moja. Ukishapita, hiyo gorogoro yako mtajuana."

Angeweza. Kidole kimoja, kweli. Lakini Nabwile alikuwa na miaka saba siku mama yake alipompakatisha mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, kitako juu, akamwambia ashike vizuri, kisha akaugonga kwa jiwe lililofungwa kitambaa mpaka kitako kikabonyea kwa ndani. Kitambaa kilikuwa cha kuzuia kelele, ingawa sijui nani alikuwa anafichwa, maana nusu ya soko ilikuwa ikigonga. Mtoto alihisi kila pigo likimpanda mikononi mpaka mabegani. Tangu siku hiyo ungeweza kumwambia Nabwile mambo mengi, lakini si kwamba gorogoro ni kilo mbili.

"Mwalimu, mikebe inatofautiana," alisema. "Ukiandika mbili ndani ya fanksheni, umeshaamua kabla hujaona mkebe. Na wewe ndiye ulitufundisha: kitu kinachobadilika usikifungie ndani, kipokee kutoka nje."

Ni kweli alifundisha hivyo, wiki ya pili, na akayapigia mstari maneno hayo ubaoni. Mwalimu Kipkirui aliona haya kidogo, na kama ilivyo kwa walimu wengi, haya ikageuka hasira.

"Sawa. Ijumaa uniletee huo mkebe wako ambao si wa kilo mbili, tuupime hapa mbele ya kila mtu. Usipoleta, unaweka mbili na hii maneno inaisha."

"Nitaleta," alisema Nabwile upesi, kifua mbele. Alipoketi ndipo alipokumbuka mkebe wenyewe ni wa nani.

Alhamisi alasiri alikuwa Bungoma, amesimama mbele ya meza ya mama yake sokoni. Mama huyo, Lenah, alikuwa ameuza mahindi na maharagwe hapo kwa miaka ishirini. Jumapili alivaa kitambaa cheupe cha kina mama wa kanisa na kuongoza maombi kwa sauti iliyotikisa mabati. Jumatatu hadi Jumamosi alipima kwa mkebe uliobonyea. Nayasema yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli, na anayetaka malaika asiende sokoni kumtafuta.

"Mayi, naomba unipe mkebe wako. Nitaurudisha Jumamosi asubuhi."

"Wa nini?"

Nabwile akamweleza: zoezi, mashine, Mwalimu, kupima mbele ya darasa. Mkono wa Lenah ulisimama katikati ya mahindi.

"Kwa hivyo unataka unipeleke Kitale nikaanikwe kama samaki wa omena?"

"Sitasema ni wako."

"Na watafikiri uliokota kwa barabara? Wewe mukhana, binti yangu, hii mkebe ndiyo imekulea. Imekununulia yunifomu. Imekupeleka huko kwa kompyuta. Leo umesoma, ndiyo unaniita mwizi?"

"Sijasema mwizi, Mayi."

"Umesema na macho."

Nabwile hakuomba radhi, na hakuondoka. Alisimama pale pale, na macho yake, kama yalikuwa yamesema kitu, hayakukimeza. Lenah alipoona hivyo akapandisha sauti.

"Wamalwa wa lori akikuja Jumamosi anatupima na nini? Hujui? Mkebe imevimba kama ng'ombe amekula mahindi mbichi! Mahindi yangu ya shamba, jasho yangu, inaingia huko inapotea. Nikisema kitu, ati gorogoro ni kilo mbili, mama. Sasa mimi nifanye nini? Yeye anavimbisha, mimi nabonyeza. Nenda umpime yeye!"

Mkebe wa Wamalwa ulikuwa hapo hapo, chini ya meza. Aliuacha kwa Lenah wiki nenda wiki rudi kwa sababu hapo ndipo aliponunulia mahindi ya wakulima. Kitako chake kilikuwa kimesukumwa nje, na juu ukingo ulikuwa umeongezwa ukanda wa bati wa upana wa kidole. Kila mtu aliuona na hakuna aliyeugusa.

Nabwile akaketi juu ya kreti. Akachana kipande cha katoni, akatoa kalamu, akaanza kufanya lile alilolizoea kila akiudhika: kuandika fanksheni. Aliandika ile ya kilo mara tatu, moja chini ya nyingine, akiacha nafasi ya uzito wazi. Lenah aliwauzia wateja wawili huku akimtupia jicho. Mwishowe udadisi ukashinda hasira.

"Hiyo ni nini unaandika?"

"Ndiyo ile fanksheni yenyewe. Hapa unaweka gorogoro ni ngapi. Hapa unaweka mkebe unabeba kilo ngapi. Usipoweka, inakataa kujibu."

"Inakataa?"

"Inasema hiyo si namba."

"Hata kama wewe ni mtu mkubwa?"

"Hata ukiwa askofu."

Lenah akacheka bila kupenda, akajikaza tena. Akasogeza maharagwe ambayo hayakuhitaji kusogezwa. "Na ikiwa ni mkebe ya Wamalwa?"

"Inauliza vile vile. Haijui Wamalwa ni nani."

Lenah akayaacha maharagwe. Aliinama, akauvuta ule mkebe uliovimba kutoka chini ya meza, akauweka kando ya wake, akaitazama yote miwili kwa muda mrefu kuliko anavyomtazama mteja yeyote. Kisha akarudi kwenye biashara yake, na hawakulizungumzia jambo hilo tena siku hiyo.

Asubuhi, Nabwile alipokuwa akifunga viatu aende, mama yake alimwekea gunia miguuni. Likagonga sakafu kwa mlio wa mabati.

"Zote mbili," alisema Lenah. "Lakini wakikuuliza hii imebonyea ni ya nani, waambie ni ya Lenah, mama yako. Usinifiche. Nikificha yangu, ya Wamalwa nitaisema na mdomo gani?"

Darasani hakuna aliyekosa siku hiyo; watu hupenda kuona mwenzao akiumbuka. Jelagat, mwenye lile duka la chini, aliwaazima mizani ndogo ya kupimia chakula cha vifaranga pamoja na nusu gunia la mahindi makavu, kisha akapanda nayo ghorofani mwenyewe ili asipitwe.

Mwalimu Kipkirui alijaza mkebe wa kwanza, akafuta juu kwa kijiti kama wafanyavyo sokoni, akamwaga mahindi kwenye mizani. Kilo moja nukta saba. Akarudia, asije akasingiziwa. Moja nukta saba. Mtu akapiga mluzi. Akajaza ule wa pili, mahindi yakawa yanaingia tu na hayaishi kuingia. Mbili nukta nne. Hakuna aliyepiga mluzi.

"Hii mikebe ni ya nani?" aliuliza Mwalimu, na hakuuliza kwa ubaya.

Nabwile alisikia masikio yakipata moto. "Huu mkubwa ni wa mnunuzi mmoja wa mahindi. Huu uliobonyea ni wa mama yangu. Anaitwa Lenah, anauza soko la Bungoma. Alipougonga, mimi ndiye nilimshikia."

Vicheko vikalipuka. "Mtoto wa nyoka ni nyoka!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Nyoka wa kwetu amejileta kwa mizani," alijibu Nabwile bila kugeuka. "Wa kwenu yuko wapi?"

Kicheko kilikatika. Wengi wao walikuwa watoto wa wauzaji, wa Kimilili, wa Lwakhakha, wa hapo hapo Kitale, na kila mmoja alianza kuuwaza mkebe wa kwao.

Mwalimu akaketi kwenye kompyuta ya Nabwile. Akaandika kilo(5, 1.7), ikarudi 8.5. Akaandika kilo(5, 2.4), ikarudi 12. Gorogoro tano na gorogoro tano, na katikati yake kilo tatu na nusu zimemezwa na bati. Alikaa akizitazama namba hizo, halafu akasema jambo ambalo walimu hulisema mara moja kwa miaka kumi.

"Umenishinda, Phelista. Swali langu ndilo lilikuwa baya."

Angeishia hapo ingekuwa raha. Lakini programu ya kusahihisha haikuwa yake. Ilitoka kwa wafadhili, na hakuwa na ruhusa ya kuigusa. Nyekundu ilibaki nyekundu. Basi akasogeza kiti na kumwonyesha mlango wa nyuma.

"Angalia. Hapa juu andika uzito = 2. Mtu akitaja uzito, fanksheni itatumia wake. Asipotaja, itachukua mbili yenyewe. Mashine itakupa kijani, na mikebe yako itabaki. Si wizi, watu wa hii kazi wanafanya hivyo kila siku."

Ulikuwa ushauri mzuri, wala simlaumu Kipkirui kwa kuutoa. Nabwile aliweka vidole kwenye vitufe. Alikitaka kile kiti. Alikitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka: kiti cha dirishani, jina lake kwenye orodha ya muhula wa pili, kazi ya mikono safi. Aliandika alama ya sawasawa. Kisha akajiuliza ni mtu gani huyo ambaye hatataja uzito wa mkebe wake, na jibu likamjia likiwa na sura, na kofia, na lori.

Akaifuta ile alama.

"Asiyetaja ndiye anayeficha, Mwalimu. Nikimwekea mbili, nimemsaidia kuficha."

"Hii ni zoezi tu, Phelista."

"Ndiyo nafanya mazoezi."

"Nitalazimika kuandika tisa. Unajua maana yake."

"Andika tisa."

Chelangat akajifunika uso. Mwalimu Kipkirui akaandika tisa, polepole, kana kwamba kalamu ilikuwa imekauka. Nabwile akarudisha mikebe guniani, akashuka ngazi kichwa juu, na alipofika nyuma ya duka akalia. Sitasema hakulia. Alilia kwa kwikwi, akimtukana mfadhili ambaye hajawahi kumwona, mpaka Jelagat alipomjia na ile mizani mkononi na kumwambia, "Enda nayo. Utanirudishia Jumatatu." Nabwile akapangusa pua, akaipokea.

Jumamosi alfajiri sokoni Bungoma, kabla meza hazijapangwa, Lenah alichukua chupa ya rangi nyekundu ya kucha ya binti yake na kuandika kwenye ubavu wa mkebe wake mwenyewe, kwa tarakimu kubwa za mtu aliyeishia darasa la sita: 1.7. Akampa binti yake chupa. Nabwile akaandika 2.4 kwenye ule mwingine.

Lori la Wamalwa lilifika saa mbili. Wanawake kama kumi walikuwa wamekwisha kupanga magunia yao. Wamalwa, mtu wa mwili mkubwa na utani mwingi, alishuka akisalimia kila mtu kwa jina la mtoto wake wa kwanza, akainama kuchukua mkebe, na utani ukamkauka.

"Nani amechora hii kitu yangu?"

"Ni mimi," alisema Nabwile. "Huo ni uzito wake. Mizani iko hapa kama una shaka."

"Uzito gani? Gorogoro ni kilo mbili bana!"

"Hata mtoto wa nasari anajua," alisema Lenah. "Lakini hapa hakuna mtoto wa nasari."

Wanawake wakaguna. Wamalwa hakuwa mjinga. Aliijua silaha yake na aliijua tangu zamani. Akanyoosha kidole juu ya meza. "Na wewe, Mama Phelista? Si yako imebonyea miaka yote hii? Unaniita mwizi na hiyo mkono?"

Hapo ndipo Lenah alipokuwa akinyamaza siku zote. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na Wamalwa alitegemea uchungu huo kumfunga mdomo. Safari hii Lenah aliuinua mkebe wake juu ya kichwa na kuuzungusha, ile nyekundu ionekane na kila aliyekuwa na macho.

"Moja nukta saba. Nimeandika na mkono yangu. Miaka ishirini nimewapimia na hii, na Mungu amenisikia nikisema. Kuanzia leo nauza nikitaja. Mimi nimetaja yangu, Wamalwa. Taja yako."

Wanawake wakasogea karibu na meza. Nabwile alikuwa ameshika simu yake ya kioo kilichopasuka. Juu yake kulikuwa na ujumbe wa Mwalimu Kipkirui kwamba amewaandikia wafadhili barua kuhusu zoezi la kumi. Hawakuwa wamejibu, na huenda wasijibu. Chini ya ujumbe huo aliifungua fanksheni yake.

"Gorogoro ngapi?" alimwuliza mwanamke wa kwanza.

"Ishirini."

Akaandika ishirini, kisha akamtazama Wamalwa. "Uzito?"

Wamalwa alilitazama lori lake tupu. Akawatazama wanawake, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua gunia. Akaitazama mizani.

"Mbili nukta nne," alisema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Kilo arobaini na nane," alisoma Nabwile. "Si arobaini."

Mwanamke wa pili alisukuma gunia lake mbele kwa goti. Wamalwa akauinua mkebe, akafungua mdomo aseme neno, lakini yule mama alikuwa amekwisha kumwangalia machoni na kumwuliza mwenyewe, bila simu wala mizani:

"Uzito?"